Stoo ya mita 4 kwa 3: jinsi ya kufundisha ujenzi katika sekondari ya kijijini

Ukitoka Mwanza mjini kwenda Magu, Misungwi au Kwimba utayaona maboma: madarasa, zahanati na nyumba za walimu zilizopandishwa kwa nguvu za wananchi, zikasimama zikisubiri bati. Baadhi yake yana ukuta uliopinda, kona iliyofunguka, matofali yanayomomonyoka ukiyakwangua kwa kucha. Siku za ujenzi, wanafunzi wa sekondari ya kata huitwa kusomba maji na mchanga, kisha hurudi darasani bila hata mmoja kushika mwiko. Kusomba maji ni msaada mzuri, lakini si somo.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, fundi au kamati ya shule inayotaka wanafunzi wajue ujenzi kwa mikono yao. Kanuni yake ni moja: hakuna hatua inayofuata mpaka mwanafunzi mwenyewe amepima hatua iliyopita na kipimo kimekubali.

Jengo la kufundishia ni stoo ndogo ya mita 4 kwa 3, ya kuwekea mahindi ya chakula cha wanafunzi na zana za shule. Vipimo hivyo vina sababu. Mstatili wa 4 kwa 3 una mshazari wa mita 5 kamili, kwa hiyo kanuni ya Pythagoras waliyoisoma darasani inakuwa kamba wanayoivuta ardhini. Pia halali mtu ndani yake, linamalizika katika kiangazi kimoja, na lina kila kitu ambacho nyumba kubwa inacho: msingi, kona, mlango, dirisha, mkanda (zege linalozunguka juu ya kuta), kenchi (fremu za mbao za paa) na gata (mfereji wa maji ya paa).

Watu, muda na ruhusa

Chagueni Kidato cha Tatu. Kidato cha Pili na cha Nne wana mitihani ya taifa mwezi Novemba, na kuwaondoa kwenye vitabu kuanzia Julai ni kuwaonea. Shule yenye mkondo wa amali, yaani wa ufundi, katika mtaala mpya inaweza kutumia vipindi vyake. Nyingine itumie Jumamosi asubuhi, kwa muda wa saa tatu kila wiki. Januari hadi Mei ni miezi ya mazoezi. Msingi uchimbwe mwishoni mwa Juni, na bati liwe juu kabla ya vuli, ambayo huku ziwani huanza Oktoba na mara nyingine hugonga hodi Septemba. Kuanzia Julai, Jumamosi peke yake hazitoshi. Tengeni pia alasiri mbili za wiki.

Wanafunzi 24 wanatosha, wagawanywe makundi manne ya watu sita. Wekeni mafundi wawili, kwa sababu fundi mmoja hawezi kuangalia mikono 24. Mlipeni fundi kwa siku, msimlipe kwa kozi (mstari mmoja wa matofali) wala kwa idadi ya matofali. Anayelipwa kwa tofali atampokonya mwanafunzi mwiko kila akiona anachelewa, naye hatakuwa na kosa. Mwambieni mapema kwamba kazi yake ni kufundisha, kwamba ukuta utabomolewa na kujengwa upya pale kipimo kitakapokataa, na kwamba siku hizo za kubomoa zimo kwenye malipo yake. Fundi mzuri aliyejifunzia kazini bila cheti anafaa kabisa. Akitaka cheti, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi.

Mhandisi wa halmashauri aombwe kuja mara tatu: mtaro ukiwa wazi kabla ya zege, nondo zikiwa zimefungwa kabla ya kumwaga mkanda, na kenchi zikiwa juu kabla ya bati. Baada ya hapo makosa yanafunikwa na hayaonekani tena.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18. Hata kama hili ni somo wala si ajira, chukueni kipimo hicho hicho. Wanafunzi wasishuke kwenye shimo la zaidi ya mita 1, wasibebe mfuko wa saruji wa kilo 50 peke yao, wasiponde kokoto kwa nyundo bila miwani, na wasipande paani bila mtu mzima kuwa pale juu pamoja nao. Radi huku ni nyingi: ngurumo ya kwanza ikisikika, wote washuke na kuachia nondo na bati.

Wasichana washike mwiko, timazi (uzi wenye uzito wa kupimia wima) na msumeno kwa zamu sawa na wavulana. Bila orodha ya zamu iliyobandikwa ukutani, ndani ya wiki tatu utawakuta wote wako kwenye ndoo za maji au jikoni.

Vifaa vya stoo nzima

Saruji mifuko 50. Kati ya hiyo, mifuko 14 ni ya kufyatua matofali 270 ya inchi 6, 9 ya mota (mchanga na saruji ya kuunganishia) ya msingi wa mawe, 3 ya zege la chini ya msingi, 4 ya kujengea kuta, 3 ya mkanda, 6 ya sakafu na 7 ya lipu. Minne inayobaki ni ya makosa, na makosa yatakuwepo. Ya mkanda iwe daraja la nguvu la 42.5, kazi nyingine zote 32.5 inatosha.

Mawe ya msingi mita za ujazo 4. Hapa Mwanza tumebarikiwa miamba, na jiwe la granaiti ni msingi bora kuliko tofali lolote. Nondo za milimita 12 ni 6, za milimita 8 kwa ajili ya ringi (vyuma vilivyokunjwa vya kushikilia nondo) ni 4, pamoja na waya wa kufungia. Mbao 2x4 za kenchi na 2x2 za papi (mbao za kupigilia bati) ziwe za msonobari uliokauka na kuwekewa dawa ya mchwa. Mkoa una mashamba ya miti ya serikali, Buhindi upande wa Buchosa na Rubya kule Ukerewe, kwa hiyo ulizieni kwa wauza mbao wanaochukua huko. Mbao mbichi ya mkaratusi ni rahisi, lakini itajipinda ikiwa imeshapigiliwa na bati lake. Bati za futi 8 za geji 28 ni 14. Geji 30 ni nyembamba zaidi na upepo wa ziwani huikunja kama karatasi.

Kila kundi liwe na miiko miwili, timazi, pima maji, uzi wa kujengea, tepu ya mita 5, skwea, karai, chepe na ndoo mbili za lita 20. Shule nzima iwe na mpira wa maji wa mita 15 unaopitisha mwanga, misumeno miwili, nyundo nne, toroli mbili, na fomu ya kufyatulia matofali. Gambuti na glovu ni vya lazima kwa wanaokoroga: saruji mbichi huunguza ngozi polepole, na mtu huja kujua jioni.

Hatua ya 1: Mchanga kwenye chupa

Somo la kwanza halihitaji saruji. Kila kundi lichukue chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, lijaze mchanga hadi nusu, liongeze maji na kijiko cha chumvi, litikise kwa dakika mbili na kuiacha hadi kesho yake. Mchanga utakaa chini na tope litatulia juu yake. Pimeni kwa rula. Tope likizidi sehemu 1 ya 10 ya kimo chote, mchanga huo uoshwe au uachwe. Tope huvaa punje za mchanga na kuizuia saruji isizishike, na ndiyo maana lipu nyingine hubanduka kama ganda la yai.

Leteni mchanga wa mito, wa machimbo na wa karibu na ziwa, muulinganishe. Ila msiende kuchimba ufukweni wenyewe: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Maji ya ziwa hayana chumvi na yanafaa kwa zege, lakini wanafunzi wasiingie ndani kuyachota, kwa sababu kichocho kipo. Tumieni bomba, kisima au pampu.

Hatua ya 2: Kufyatua matofali

Mfuko mmoja wa saruji una ujazo wa lita 35 hivi, sawa na ndoo 1 na robo tatu ya lita 20. Namba hii ikaririwe, kwa sababu vipimo vyote vya kukoroga vinaanzia hapo.

Kwa matofali, mfuko 1 kwa ndoo 17 na nusu za mchanga. Utapata matofali 20 hivi. Wapo wanaofikisha 35 na zaidi kwa mfuko huo huo, na tofali lao huvunjika likidondoka kutoka kiunoni. Fanyeni jaribio hilo mbele ya wanafunzi: fyatueni matofali mawili ya kila aina, ya 20 na ya 35, yamwagilieni sawasawa, na baada ya siku 14 yadondosheni kutoka kimo cha mita 1. Hawatasahau.

Korogeni kwanza bila maji, mkigeuza rundo mara tatu mpaka rangi iwe moja. Ndipo maji yaingie kidogo kidogo. Mchanganyiko uko sawa ukiufinyanga kwa kiganja ukashikamana bila kuchuruzika. Matofali yalale kivulini, yafunikwe kwa nyasi au mifuko mitupu ya saruji, yamwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku 7, na yasijengewe kabla ya siku 14. Upepo wa mchana kutoka ziwani hukausha haraka kuliko jua, kwa hiyo kifuniko kina kazi kubwa kuliko mnavyodhani. Tofali lililokauka kabla ya wakati huwa jeupe na kutoa vumbi.

Tofali moja la inchi 6 lina uzito wa karibu kilo 30. Libebwe na wawili.

Hatua ya 3: Ukuta wa udongo unaobomolewa

Hapa ndipo mafunzo mengi hukosea kwa kuharakisha. Kabla ya kugusa jengo lenyewe, kila kundi lijenge kona yenye mikono miwili ya mita 1.5, kozi 5 kwenda juu, kwa mota ya udongo mwekundu na mchanga. Fundi apime, waandike, wabomoe, wasafishe matofali, waanze tena. Wiki sita za mazoezi haya hazigharimu hata mfuko mmoja wa saruji, na matofali hayo hayo ndiyo yatakayojenga stoo.

Yapo mambo manne ya kudai. Kiungo cha mota kiwe sentimita 1.5, kisizidi 2. Kiungo cha wima cha kozi ya juu kikae katikati ya tofali la chini, kwani viungo vikifuatana kwenda juu ufa utafuata njia hiyo hiyo. Timazi isipotoke zaidi ya milimita 5 katika kozi 5. Na nafasi za pembeni kati ya tofali na tofali zijazwe mota mpaka chini. Hili la mwisho ndilo wanafunzi, na mafundi wengi pia, hulikwepa: hupaka mota usoni tu ili kiungo kionekane kimejaa. Mwambie mwanafunzi achomoe tofali moja katikati ya ukuta, aone mwenyewe.

Kosa la kawaida la mwanzoni ni kugonga tofali lililokwisha kukaa ili kulinyoosha. Ukilisogeza mota ikiwa imeanza kushika, kiungo kinakatika na hakiungi tena. Liondoe, kwangua, weka mota mpya.

Katikati ya mazoezi, wapelekeni kwenye boma lililo karibu na shule wakiwa na timazi, uzi na tepu. Wapime kona, mishazari na kimo cha kozi, wachore ramani yake, waandike ufa uko wapi na unaelekea wapi. Nyufa za mshazari zinazotoka kona za madirisha ni alama ya msingi ulioshuka upande mmoja au lenta (boriti ya juu ya dirisha) fupi. Somo hilo la asubuhi moja lina thamani ya wiki nzima ubaoni.

Hatua ya 4: Kiwanja na mraba

Usukumani wakulima wanajua udongo kuliko vitabu. Luseni, ule mchanga wa juu ya mlima, hubeba jengo vizuri. Mbuga nyeusi hapana: masika huvimba, kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na jengo huinuka na kushuka nayo kila mwaka. Kiwanja cha shule chote kikiwa mbuga, jengo hili litahitaji msingi wa kina zaidi wenye mkanda wa chini, na hapo si kazi ya wanafunzi tena. Tafuteni kiwanja kingine, hata kama kiko mbali na jiko.

Pigeni vigingi vinne. Vuteni uzi mita 4 upande mmoja, mita 3 upande wa pili, kisha pimeni mshazari: mita 5 kamili. Pimeni na wa pili. Mishazari ikitofautiana sentimita 2, paa litawaumbua, kwa sababu bati halipindi kufuata kona mbaya. Kila kundi lipime peke yake na kuandika namba bila kuona za wenzao. Makundi manne yakikubaliana, hamisheni mistari kwenye mbao zilizopigiliwa vigingi vingine mita 1 nje ya jengo, ili uchimbaji usiviguse. Vigingi vya kona vitang'olewa siku ya kwanza ya sululu, na bila mbao hizo za nje mraba umepotea.

Usawa upimwe kwa mpira wa maji. Hakikisheni hakuna kipovu cha hewa ndani, kwani kimoja tu kinadanganya kwa sentimita nzima.

Hatua ya 5: Msingi wa mawe

Mtaro una upana wa sentimita 50 na kina cha 60, au zaidi kidogo mpaka mguse moramu (udongo wa changarawe) ngumu. Mistari ya 4 kwa 3 ni uso wa nje wa ukuta, kwa hiyo mtaro utoke nje ya uzi kwa sentimita 17.5. Msipolikumbuka hili, ukuta utakaa pembeni mwa msingi wake.

Chini mwageni zege la 1:3:6, unene sentimita 10. Kwa mfuko 1 ni mchanga ndoo 5 na robo na kokoto ndoo 10 na nusu. Juu yake jengeni mawe upana wa sentimita 40 hadi sentimita 25 juu ya ardhi, kwa mota ya 1:5, yaani mfuko 1 kwa ndoo 8 na robo tatu za mchanga. Kila mita 1 lazeni jiwe refu linalovuka upana wote, vinginevyo msingi utakuwa kuta mbili zinazoegemeana. Mawe yalowe kidogo kabla ya kulazwa. Kosa kubwa ni kurundika mawe makavu katikati na kumwagia uji wa mota juu: uji haufiki chini, na mchwa hupata njia.

Mota ikae kwenye karai si zaidi ya saa moja. Ikianza kukaza, mwanafunzi atataka kuongeza maji ilainike. Mkataze. Hiyo imekufa, imwagwe kwenye kifusi cha sakafu.

Sawazisheni juu kwa mota ya 1:3, lazeni karatasi nzito ya nailoni ya kuzuia unyevu, ndipo kozi ya kwanza ianze. Mahindi yakilala juu ya sakafu inayonyonya unyevu, kuvu itafika kabla ya panya.

Hatua ya 6: Kuta

Lazeni kozi ya kwanza kavu bila mota, kuzunguka jengo lote, muone kipande cha tofali kitaangukia wapi. Kikae karibu na mlango, kisikae kwenye kona. Jengeni kona nne kwanza, kila kundi kona yake, kozi 3, kisha vuteni uzi kati ya kona na kujaza. Kozi 9 zinafika mita 2.2. Kwa siku msizidi kozi 4, maana mota mbichi ya chini hubonyea na ukuta huyumba. Kuanzia kozi ya 6 tumieni jukwaa imara la mbao nene juu ya mapipa au milunda iliyofungwa vizuri. Kupanda juu ya matofali yaliyopangwa ni marufuku.

Fremu ya mlango isimamishwe wakati wa kujenga, ikishikwa na vipande vya nondo kwenye viungo vya kozi ya 2, 5 na 8. Madirisha mawili ya sentimita 60 kwa 60 yatazamane ili hewa ipite.

Hatua ya 7: Mkanda

Huu ndio moyo wa jengo. Mkanda wa zege wa sentimita 15 kwa 20 unazunguka kuta zote, unakuwa lenta ya mlango na madirisha, na ndio unaolishika paa.

Ringi za sentimita 10 kwa 15 zikunjwe kutoka nondo ya milimita 8, kila moja ikila sentimita 60 pamoja na ndoano. Zinahitajika 67, moja kila sentimita 20. Nondo nne za milimita 12 zipite ndani yake. Nondo zinapoungana, zipishane sentimita 60, na kwenye kona kila nondo ikunjwe na kuendelea sentimita 60 upande wa pili. Nondo zinazoishia kwenye kona bila kukunja ni kamba zisizofungwa: ukuta ukisukumwa, kona inafunguka. Chini na pembeni wekeni vipande vya mota vya unene wa sentimita 2.5 ili nondo isiguse ubao. Nondo inayoonekana baada ya kubandua mbao itashika kutu, na kutu huvimba na kulipasua zege.

Kabla ya kumwaga, kwenye kila sehemu ya kenchi pitisheni nondo ya milimita 6 chini ya nondo za mkanda, miguu yake miwili itokeze juu sentimita 80. Hili likisahauliwa halina tiba. Shule nyingi zilizoezuliwa na upepo kandokando ya ziwa zimepoteza paa zima, kenchi na bati pamoja, kwa kuwa lilikuwa limelala tu juu ya ukuta.

Zege liwe 1:2:4: mfuko 1, mchanga ndoo 3 na nusu, kokoto ndoo 7, maji lita 25 au pungufu kama mchanga una unyevu. Wanafunzi watataka maji zaidi ili liteleze. Kila lita ya ziada inaacha matundu ndani zege likikauka. Mwageni mkanda wote siku moja bila kukatisha, mkichoma kwa kipande cha nondo mpaka viputo viishe. Mbao za pembeni zitoke baada ya siku 2. Nguzo za chini ya mlango na madirisha zikae siku 14. Maji asubuhi na jioni kwa siku 7, na mwenye zamu aandike jina na saa.

Hatua ya 8: Paa

Kenchi nne. Chora ya kwanza chini, kwenye sakafu ya darasa: upana wa ukuta mita 3, kimo cha katikati sentimita 60, na kila upande ushuke sentimita 60 nje ya ukuta. Ya kwanza ikishapigiliwa, nyingine zote zipigiliwe juu yake kama kalibu. Zikipimwa moja moja kwa tepu hazitalingana.

Kenchi zikishapanda, funga miguu ile ya nondo juu ya mbao na kuisokota, kisha piga mbao ya mshazari kutoka kenchi hadi kenchi. Papi zipishane sentimita 75. Bati lianze upande usioelekea upepo, ili mipishano iupe upepo mgongo. Misumari ipigwe kwenye mgongo wa wimbi la bati, kamwe isipigwe kwenye bonde ambako maji hupita. Kingo za paa na kofia (bati la kilele) zipigwe msumari kila wimbi la pili, kwa sababu upepo huanzia ukingoni. Pembetatu za ncha mbili zifungwe kwa mbao na wavu, hewa ya juu ya mahindi itoke.

Hatua ya 9: Sakafu, lipu na gata

Ndani shindilieni moramu kwa tabaka za sentimita 15, kisha mawe, kisha jamvi (zege la sakafu) la sentimita 8 la 1:3:6. Lipu ya 1:5 isizidi sentimita 1.5 kwa tabaka moja, na ukuta uloweshwe kwanza. Ikibanduka, mara nyingi ukuta ulikuwa mkavu.

Gata ishuke sentimita 1 kwa kila mita 1. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1; paa hili lina mita za mraba 20 likipimwa kwa kivuli chake, kwa hiyo mvua ya milimita 30 huleta karibu lita 500 hata baada ya kutoa zinazopotea. Tangi la lita 2,000 litajaa kwa mvua nne za namna hiyo. Mwalimu wa hisabati apewe hesabu hii aifundishe Kidato cha Kwanza.

Kumpima mwanafunzi, na kazi inayofuata

Kila mwanafunzi awe na daftari la vipimo: mishazari, timazi za kona yake, tarehe za kumwagilia, ndoo alizokoroga. Mwishoni ajenge peke yake kona ya kozi 5 kwa udongo ndani ya saa mbili, mbele ya fundi ambaye hakumfundisha. Timazi ndani ya milimita 5, skwea, viungo vimejaa: amefaulu. Asiyefaulu arudie wiki ijayo.

Kazi ya pili iwe kijijini. Waliofaulu waende kwenye boma lisilo na bati, wasafishe vichwa vya kuta, wabandue matofali yaliyolegea na kuyarudisha, kisha wafunike juu ya ukuta wote kwa mota ya 1:4 yenye mwinamo wa kutupa maji nje. Kwa mfuko mmoja mnafunika ukuta wa zaidi ya mita 30, kwa upana wa sentimita 15 na unene wa sentimita 3, na maji ya mvua hayataingia tena kwenye viungo.

Stoo yenyewe ikaguliwe na wanafunzi wale wale masika ya kwanza yakishapita. Watazame kona za madirisha, chini ya mkanda, na pale gata inapomwaga. Ufa mwembamba wa kulala chini ya mkanda ni wa kukauka tu. Ufa wa mshazari unaoingia ukucha, waupigie mstari wa penseli kwenye ncha zake, waandike tarehe, na warudi kuupima baada ya miezi mitatu.